Heshima ya Koki Ndogo

Kuhusu namna nilivyofika nchi ya Utepeni sitasema mengi, kwa kuwa mwalimu wetu wa zamu alishapewa maelezo ya jambo hilo kwa maandishi na hakuyaamini. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimevaa sare kamili ya shule, yaani koti la bluu lenye nembo kifuani, suruali ya kijivu na tai, na kwamba tai hiyo, ambayo siku zote nilidhani imebuniwa ili wanafunzi wa bweni wasimeze chakula vizuri, ndiyo iliyoleta yote nitakayoyaeleza.

Utepeni ni nchi ya vilima na malisho. Ng'ombe ni wengi, wanene, na wana nyuso za watu waliokwisha lipa ada ya mwaka mzima. Kitu cha kwanza ambacho mgeni hukisikia huko ni mkoromo. Kila boma linakoroma. Nilidhani ni wazee wamejilaza baada ya chakula, lakini nilipochungulia nyuma ya zizi la kwanza sikuona mzee. Niliona kuba la saruji lililofukiwa ardhini, na kando yake shimo lililojaa tope la samadi, ambamo mapovu yalipanda na kupasuka kwa sauti ya mtu aliyeshiba na hana haraka ya kuamka.

Nilijua ninachokiona. Shuleni kwetu maharage yanapikwa kwa gesi ya mavi ya ng'ombe, na utawala, kwa hekima yake, umeamua kwamba kazi ya kuyakoroga mavi hayo na maji ifanywe na wanafunzi wenye makosa. Mimi nimekoroga kuliko mwanafunzi yeyote tangu shule ianzishwe. Sababu zake ni mada nyingine. Ninachotaka kusema ni kwamba kuba likikoroma namna ile, limejaa. Gesi imelisukuma tope mpaka juu, haina pa kwenda, na inatoroka yenyewe.

Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa imekalia moto wa bure, na nchi nzima ilikuwa inapika kwa kuni. Kila paa lilifuka moshi. Vilima vilivyokuwa na msitu vilikuwa vimebaki na visiki, na wanawake waliokuwa wakipanda njia na mizigo ya kuni vichwani walikuwa wakikohoa kwa kupokezana, kama kwaya.

Maelezo ya hali hiyo niliyapata kwenye daraja. Lilikuwa daraja zuri, jipya, na katikati yake umefungwa utepe mwekundu uliopauka kwa jua. Chini yake watu walikuwa wanavuka mto kwa miguu, viatu mkononi, maji kiunoni. Nilipomuuliza mmoja kwa nini hapiti juu, alitazama juu kwa makini, kisha akanitazama mimi.

"Juu ya nini?" akaniuliza.

Baadaye niliona shule yenye utepe mlangoni na watoto wanasoma nje, na choo cha umma chenye utepe, ambacho hali ya kichaka kilichokuwa nyuma yake sitaieleza. Sheria ya Utepeni, kama nilivyokuja kuisoma, ni fupi na haina utata: kitu ambacho hakijazinduliwa na mgeni rasmi hakipo. Kujifanya kipo ni kosa. Kukitumia ni kosa kubwa zaidi.

Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa mama mmoja aitwaye Bi Mashavu, mfugaji, mwenye mikono mirefu na kanga iliyokunjwa mpaka magotini. Nilimkuta ameinama kwenye kisima kidogo cha kuchanganyia, anakoroga kwa mti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pita huku, huko utakanyaga," alijibu bila kuinua kichwa.

"Mama, hili kuba limejaa."

"Kuba lipi?"

"Hili hapa, linalokoroma."

"Hapo hapana kitu, mwanangu."

"Sasa hayo mavi unayakoroga unayapeleka wapi?"

"Nayamwaga hapo pasipo na kitu," alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto wa mjini. "Kila asubuhi. Hapo pasipo na kitu pakikosa chakula panaharibika."

Nikagundua kwamba Bi Mashavu hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa raia mwema, jambo ambalo kwa mbali linafanana.

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya kikongwe. "Nani huyo, Mashavu?"

"Mgeni, mama."

"Amekula?"

Niliingia kusalimia na moshi ukanipokea usoni kama taulo lenye maji. Pembeni ya mafiga alikuwa ameketi mama yake Bi Mashavu, Bibi Sikujua, bibi mdogo wa umbo, amejifunika kitambaa kichwani. Macho yake yalikuwa mekundu na yanachuruzika. Hakuwa analia. Yalichuruzika tu, kama bomba lililochakaa mpira wake, naye aliyafuta kwa ncha ya kitambaa bila hata kukatisha maneno.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Sogea nikuone." Nikasogea. "Sogea tena." Nikasogea mpaka pua yangu ikakaribia yake. "Ehe. Una masikio makubwa. Keti, unywe chai."

Nje, Bi Mashavu alinieleza mambo mengine kwa sauti ya chini. Daktari alikuwa amesema kwamba bibi akiendelea kukaa kwenye moshi hataiona mvua ijayo. Hakumaanisha atakufa; alimaanisha macho. Walimwomba akae nje wakati wa kupika, akakataa. "Nikae nje kama mkwe?" alisema. "Hili jiko ni langu." Na ndani ya jiko hilo hilo, juu ya kibao safi, lilikuwepo jiko la gesi la chuma, jipya, limefungwa utepe. Bomba lilitoka kwenye kuba, likapita chini ya mgomba, likaja mpaka pale. Kilichokosekana ni njiti ya kiberiti na ruhusa.

"Washa kimyakimya, mama," nilimshauri. Ushauri wa aina hii ninautoa kwa wepesi. "Nani atajua? Moto wa gesi hauna moshi."

"Ndivyo hivyo hivyo wanavyojua." Alinionyesha kilima kilichokuwa mbele yetu. Juu yake walikuwa wameketi wanaume wawili kwenye viti vya plastiki. "Wale ni Mabwana Moshi. Kazi yao ni kuangalia mapaa. Paa lisilofuka wakati wa kupika ni ushahidi. Jirani yangu wa ng'ambo aliwasha. Alipika ugali mmoja tu."

"Wakamfunga?"

"Yeye walimwacha. Walichukua ng'ombe. Hakimu alisema ng'ombe ndio waliotoa malighafi."

Bi Mashavu alikuwa na ng'ombe watatu, nao wanaitwa Ada, Bima na Pensheni, kwa sababu ndizo kazi walizokuwa wakizifanya katika familia ile. Akiwapoteza, alikuwa amepoteza kila kitu. Akiwabakiza, mama yake alikuwa anapofuka mbele ya jiko zima. Alikuwa amekaa na hesabu hiyo tangu mwaka juzi, na hakuna aliyekuwa amemsaidia kuitoa.

Hapo ndipo aliponyanyuka, akanyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza akanitazama vizuri. Mti wa kukorogea ukamponyoka.

"Mwanangu," alisema, "hiyo shingoni ni nini?"

"Tai."

Akanishika mkono, pamoja na mavi yake, na tukaondoka mbio.

Njiani alinieleza. Utepeni, mgeni rasmi hutambulika kwa tai. Nchi ilikuwa na tai moja tu, Tai ya Taifa, iliyorithiwa kutoka kwa mgeni rasmi mmoja hadi mwingine. Siku moja ilifuliwa, ikaanikwa, na mbuzi akaila. Serikali ilikaa kikao. Kwa kuwa tai ilikuwa ndani ya mbuzi, iliamuliwa kwamba mbuzi ndiye kaimu mgeni rasmi. Tangu siku hiyo alikuwa akihudhuria sherehe zote na kukaa meza kuu, ila hakuweza kushika mkasi, na Kamati ya Kutafuta Namna Atakavyoushika Mkasi ilikuwa bado haijawasilisha taarifa.

Tulimkuta huyo mbuzi kwenye Ofisi ya Itifaki, amelala kwenye mkeka mzuri, anatafuna shada la maua. Mkuu wa Itifaki, Bwana Machano, alikuwa mtu mrefu mwembamba anayetembea kana kwamba amebeba sinia la glasi. Alipoiona tai yangu alifumba macho kwa muda. Nadhani aliomba dua.

"Mheshimiwa," alisema, na kabla sijafikisha nusu ya shikamoo yangu alinizuia kwa kiganja. "Hapana, hapana. Mgeni rasmi hasalimii. Husalimiwa, halafu hupunga. Ila kwanza nitakuuliza maswali machache. Sheria inataka mgeni rasmi asijue lolote kuhusu anachokizindua."

"Kwa nini?"

"Aliwahi kuja mmoja anayejua. Tukampeleka kuzindua kisima." Bwana Machano aliutazama mlango kwanza. "Akauliza maji yako wapi. Mbele ya watu, Mheshimiwa. Wapishi walilia."

Nilimpa pole. Akaketi, akaikunjua miguu yake mirefu chini ya meza, akaanza.

"Samadi ni nini?"

"Ni aina ya kofia," nilisema.

"Inavaliwa na nani?"

"Na viongozi, siku za sikukuu."

"Vizuri. Bayogesi?"

"Ugonjwa wa kuku."

"Vizuri sana. Faida ya ng'ombe?"

"Ana pembe. Unaweza kutundika koti."

Bi Mashavu alikuwa amesimama nyuma yangu na nilisikia anakohoa, ingawa humo ofisini hamkuwa na moshi.

Bwana Machano akainama mbele, na sauti yake ikawa ya kirafiki. Walimu wangu hufanya hivyo hivyo kabla ya kunikamata. "Na mtambo wa hiyo bayogesi, kwa kawaida, unalishwa mara ngapi?"

Kila asubuhi, ndoo ya mavi na ndoo ya maji, na ukiweka majani marefu utajuta. Mikono yangu ilijua, mgongo wangu ulijua, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaugeuza kuwa mwayo.

"Unalishwa?" nilisema mwishoni mwa mwayo. "Kwani ni mnyama?"

Bwana Machano alisimama akanipa mkono. "Kwa muda wote niliokaa katika ofisi hii," alisema kwa hisia, "sijaona ujinga uliokomaa namna hii." Maneno haya nimewahi kuambiwa na mwalimu wa hesabu, lakini si kwa kupewa mkono.

Kisha akaniwekea sharti. Nikionyesha ujuzi wowote mbele ya watu, hata chembe, uzinduzi ni batili. Mtambo utafukiwa na ng'ombe watakwenda serikalini. Alilisema hilo bila ukali, akimwangalia Bi Mashavu. Bi Mashavu aliangalia sakafu.

Sherehe haikuweza kufanyika mara moja, kwa kuwa ilibidi kwanza Baraza likae. Niliruhusiwa kusikiliza. Hoja iliyokuwa mezani ni ikiwa ng'ombe wa Bi Mashavu ni wadau au ni miundombinu. Diwani wa kilimani alisema ni wadau, na kwa hiyo watambulishwe. Diwani wa bondeni aliuliza, kwa uchungu, watatambulishwa kabla ya mbuzi au baada yake? Ukumbi ukachafuka. Mmoja akasimama akataka kujua mavi ni mali ya nani kisheria: ya aliyeyatoa, au ya mwenye ardhi yalipoangukia, na vipi ng'ombe akisimama mpakani? Mwenyekiti akasema suala hilo ni nyeti na akaliundia kamati ndogo, ambayo ilitoka nje kwenda kuangalia. Kuhusu macho ya Bibi Sikujua hakuna aliyesema kitu. Hayakuwa kwenye ajenda.

Mwishowe iliamuliwa kwamba ng'ombe watambulishwe pamoja na mbuzi, kwa pumzi moja, na siku ikapangwa.

Sherehe ilikuwa nzuri, sina budi kukiri. Palikuwa na turubai, viti vyenye vitambaa, maji ya chupa kwa meza kuu na maji ya mtungi kwa meza nyinginezo. Mbuzi alikaa kulia kwangu. Watoto wa shule walisoma ngonjera juu ya faida za kitu ambacho walikuwa hawaruhusiwi kukitaja mpaka kizinduliwe, na waliimudu. Risala ilisomwa. Mabwana Moshi waliteremka kilimani kwa heshima ya siku hiyo na kukaa mstari wa mbele, wakitazama mapaa kwa mazoea. Bibi Sikujua alikataa kutolewa jikoni. Alisema akitoka watu wa turubai watamvunjia vyungu.

Nilipokaribishwa, nilitoa hotuba niliyoelekezwa.

"Ndugu wananchi," nilisema. "Jambo hili ni jambo. Kabla halijawa jambo, halikuwa jambo. Sasa limekuwa. Nawaombeni tulitunze, ili liendelee kuwa."

Mzee mmoja mstari wa pili alifuta machozi. Tukaongozana kuingia jikoni, wote tuliotosha, wengine wakachungulia dirishani. Bwana Machano akanipa mkasi kwenye mto wa zambarau. Nikakata utepe. Makofi. Bi Mashavu akafungulia gesi ya jiko na kupeleka njiti.

Jiko likakohoa.

Likatoa mwali mdogo wa njano, ukaruka, ukazimika, likakohoa tena kwa sauti ya majimaji, kisha likanyamaza. Bi Mashavu akawasha njiti ya pili. Kimya. Ya tatu. Kimya.

"Limewaka?" aliuliza Bibi Sikujua kutoka kwenye kona yake. "Mbona sisikii?"

Nilimtazama Bwana Machano nikitarajia kumwona amefadhaika. Hakuwa amefadhaika hata kidogo.

"Hongera sana, Mheshimiwa," alisema, akaanza kupiga makofi upya. "Uzinduzi umekamilika. Kitu kipo."

"Lakini haliwaki, baba," alisema Bi Mashavu.

"Kuwaka hakumo kwenye sheria. Kibao kitawekwa ukutani. Na ninawakumbusha wote kwamba kitu kilichozinduliwa hakitengenezwi. Kukitengeneza ni kusema mgeni rasmi alizindua kibovu."

Kwa maneno mengine, kabla ya kukata utepe jiko lile lilikuwa halipo, na baada ya kukata lilikuwa haligusiki. Bi Mashavu alibaki ameshika kiberiti. Alimgeukia mama yake, akamwekea sawa kitambaa kichwani, ingawa hakikuwa kimekaa vibaya.

Nilijua ugonjwa wa jiko lile. Mtu yeyote aliyewahi kuadhibiwa shuleni kwetu angeujua. Gesi ya samadi inatoka na unyevu, unyevu unakuwa maji, na maji yanakaa mahali bomba linapoinama. Ndiyo maana chini kabisa, pale bomba linapopita bondeni chini ya mgomba, huwekwa koki ndogo ya kuyatoa. Ukiifungua, maji yanaruka, gesi inapita, mambo yameisha. Fundi aliyejenga mtambo alikuwa ameiweka, niliiona siku ya kwanza imezama kwenye nyasi. Hakuwa amemweleza mtu kazi yake, kwa kuwa huko hakuna anayeeleza kazi ya kitu kisichokuwepo. Na tangu mwaka juzi maji yalikuwa yakijikusanya hapo kwa utulivu.

Nikisema neno "maji", ng'ombe wamekwenda. Nikinyamaza, macho yamekwenda. Watu walikuwa tayari wanageuka kuelekea kwenye pilau.

"Bwana Machano," nilisema, kwa sauti ambayo mkuu wetu wa shule huitumia anapokuta bweni zima liko macho. "Hivi ninyi, Heshima ya Koki Ndogo mnaifanya saa ngapi?"

Alisimama. "Heshima ya?"

"Koki Ndogo. Kule kwetu sherehe bila hiyo ni kikao tu." Nikashusha sauti, lakini si sana. "Au hapa itifaki haijafika huko?"

Diwani wa kilimani alimtazama Bwana Machano. Diwani wa bondeni naye. Nilimwona yule mtu mrefu akitafuta kichwani mwake jambo ambalo halikuwemo, na nilimwona akiamua.

"Bila shaka imefika," alisema. "Ndiyo inayofuata. Nilikuwa nampa Mheshimiwa nafasi apumue." Akageukia umati na kupaza sauti. "Sasa tunaingia kwenye Heshima ya Koki Ndogo! Wale waliokwisha shika sahani, wekeni!"

Tukatoka kwa maandamano. Nilitangulia, mbuzi akafuata, kisha madiwani, kisha Mabwana Moshi. Niliagiza, kwa mujibu wa itifaki, kwamba mtu yeyote asiwe na sigara wala moto, na kwamba mama mwenye nyumba abaki mlangoni na kiberiti chake akikishika kwa mikono miwili kama dalili ya unyenyekevu. Bi Mashavu alinitazama. Macho yake yalishuka taratibu kutoka kwangu, yakalifuata bomba, yakafika chini ya mgomba, yakarudi.

"Nimeelewa, Mheshimiwa," alisema. "Nitabaki hapa. Mbali na hapo."

Chini ya mgomba nikapangua nyasi, nikafunga kipande cha utepe kwenye koki, nikakikata. Nikamwomba Bwana Machano asimame mbele yake, kwenye nafasi ya heshima. Hili halikuwa la lazima, nakubali. Kisha nikainama na kuigeuza koki.

Maji ya miaka miwili, meusi na yenye harufu ya mayai viza, yaliruka kwa mlio na kumpata Bwana Machano kuanzia magotini mpaka viatuni. Hakusogea hata hatua moja. Nitamheshimu kwa hilo maisha yangu yote.

"Endeleeni kusimama," aliwaambia watu, meno yakiwa yamebana. "Hii ndiyo heshima yenyewe."

Nilisubiri mpaka maji yakaisha na gesi ikaanza kupiga mluzi safi, nikaifunga. Watu wakapiga makofi. Tukarudi kwa maandamano yaleyale, ila sasa kila mtu alijitahidi kutembea mbali na Bwana Machano.

Bi Mashavu alipiga njiti.

Moto ulikuwa wa bluu. Ulisimama kwenye duara lake, mdogo, mnyoofu, unavuma kwa sauti ya nyuki waliotulia. Hapakuwa na makofi safari hii. Watu walisahau.

Bi Mashavu akabandika sufuria ya maziwa. Tukasimama tukiangalia maziwa, madiwani, Mabwana Moshi, mbuzi, wote, kama hatujawahi kuona maziwa yakichemka. Bibi Sikujua alikuwa amenyoosha shingo kutoka kwenye kona. Akajongea na kigoda chake. Akajongea tena, mpaka akawa anaota moto uso kwa uso, na akakaa hapo akisubiri moshi uliokuwa haupo.

"Mashavu," alisema mwishowe, "hebu nipishe. Unayaacha yanafurika."

Akapuliza povu la maziwa mwenyewe. Akatia majani, akatia sukari, akachovya kidole akaonja. Ncha ya kitambaa chake ilibaki begani. Hakuihitaji.

"Shikamoo bibi," nilisema. Ilikuwa kinyume cha itifaki, na mbele ya Mkuu wake.

Alinitazama kutoka mahali alipokuwa, bila kuniambia nisogee.

"Marahaba, masikio," alisema. "Chukua kikombe."

Baada ya hapo nilizindua kwa bidii. Nilizindua mitambo yote ya bonde lile, daraja, shule, na choo cha umma, ambacho hotuba yake niliombwa niifupishe kwa sababu watu walikuwa wanasubiri. Kila palipokuwa na bomba la gesi, Bwana Machano mwenyewe alisimamia Heshima ya Koki Ndogo, akiwa na viatu vya mpira. Baraza lilikaa likaipitisha kuwa sheria: kila kaya, kila wiki, ifungue koki ndogo kwa adabu, iache heshima itoke, iifunge. Mabwana Moshi, waliokuwa wamebaki hawana cha kuangalia, wakapewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuhakikisha heshima inatolewa. Kwa njia hiyo Utepeni ikawa, kwa kadiri ninavyojua, nchi pekee ambamo hakuna bomba linaloziba, na hakuna hata mtu mmoja mwenye ruhusa ya kujua kwa nini.

Siku ya kuondoka nilivua tai nikampa Bi Mashavu. Alikwenda nayo Ofisi ya Itifaki akiwa ameifunga juu ya kanga. Bwana Machano alimuuliza samadi ni nini. Bi Mashavu, ambaye wakati huo alikuwa na samadi mpaka kwenye viwiko, alifikiri kidogo.

"Ni aina ya kofia," alisema.

Alipita kwa alama za juu. Tai aliitundika kwenye pembe la Pensheni, mbali na mbuzi.

Nami nilirudi shuleni bila tai, na kukosa tai kwetu kunaadhibiwa kama kawaida. Niliandika maelezo ya kweli kabisa, nikapewa ndoo. Asubuhi hiyo jiko la shule lilikuwa linakohoa na mpishi anatukana. Nikakoroga nilichopewa kukoroga, kisha nikateremka mpaka bomba linapoinama, nikasimama wima mbele ya koki, nikainama kidogo na kuifungua. Maji yakaruka.

"Unafanya nini huko?" aliuliza mwalimu wa zamu.

"Itifaki imezingatiwa, mwalimu," nilisema, na jikoni moto ukashika.